Ugoro, sigara na watu wa nyumba moja

Kila mgonjwa wa kifua anayeingia kituoni kwetu huulizwa kama anavuta sigara. Wengi wanajibu hapana, na hawadanganyi. Mama aliyetoka Chamwino na kikohozi cha mwezi mzima hajawahi kushika fegi mkononi. Bibi wa Bahi naye hajawahi. Lakini yule mama analala chumba kimoja na mume anayemaliza pakiti kwa siku, na bibi ana kopo la ugoro amelifunga kwenye pindo la khanga. Nikiandika "havuti" nikageuza ukurasa, wote wawili wamenipita. Kwa hiyo mimi nauliza mara tatu: unavuta? Kuna tumbaku yoyote unayoweka mdomoni au puani? Na nyumbani, nani anavuta, na anavutia wapi?

Nianze na ugoro, maana hapa Dodoma ndio unaopita bila kusemwa.

Ugoro ni majani makavu ya tumbaku yaliyosagwa, mara nyingi yakachanganywa na magadi au majivu. Bibi hufungua kopo, huchota kwa vidole viwili, huvuta mdomo wa chini na kuuweka pale katikati ya mdomo na fizi, kisha anaendelea kuchambua mboga. Wengine hunusa, wanapiga chafya mbili tatu, wanasema kichwa kimefunguka. Wazee wakikaa pamoja kopo hupita mkono kwa mkono, na kijana akimkemea mzee wake mbele za watu kwa sababu ya ugoro amekosa adabu. Mimi simkemei mtu. Namwamkia, nakaa, namweleza kinachotokea mdomoni mwake, kwa sababu wengi hawajawahi kuelezwa na mtu yeyote.

Kazi kubwa hapo inafanywa na magadi. Kwenye mazingira ya tindikali, nikotini hupenya ngozi laini ya mdomo kwa shida. Magadi, haya haya tunayolainishia mlenda, yanaua ile tindikali na kuiacha nikotini huru, ikapenya na kuingia kwenye damu upesi. Ndiyo maana watumiaji wenyewe watakwambia ugoro usiokolea magadi haukamati. Na kwa kuwa unakaa mdomoni muda mrefu, nikotini inaendelea kuingia polepole hata baada ya mtu kuutema. Mvuta sigara anaipata kwa kishindo kisha inashuka. Mtumiaji wa ugoro anakaa nayo damuni kwa muda mrefu zaidi. Mapigo ya moyo yanapanda na presha inapanda. Bibi anayepimwa presha dakika chache baada ya kuweka ugoro anaweza kupewa namba inayotisha, na mwenye presha tayari anauongezea moyo mzigo mara kadhaa kwa siku.

Halafu kuna hili la kichwa. "Nikiweka ugoro kichwa kinatulia, nisipoweka kinauma." Maneno hayo nayasikia sana, na ni ya kweli kabisa. Mwili uliozoea nikotini ukiikosa kwa saa kadhaa unalalamika: kichwa kinauma, mtu anakuwa mkali, hawezi kutulia. Akiupata ugoro, maumivu yanaondoka. Ameutibu ugonjwa ulioletwa na ugoro wenyewe, na kesho asubuhi utarudi.

Saratani ni jambo jingine, na hapa sina maneno laini. Majani ya tumbaku yakikaushwa na kuhifadhiwa hujitengenezea kemikali ziitwazo nitrosamini. Hazihitaji moto wala moshi ili zidhuru. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani (WHO), limeiweka tumbaku isiyo ya moshi kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu: ya kinywa, ya koo la chakula na ya kongosho. Sisi wa mashariki mwa Afrika tunaishi kwenye ukanda ambao saratani ya koo la chakula inajulikana kuwa nyingi kuliko sehemu nyingi za dunia. Visababishi vyake ni vingi, na tumbaku imo.

Nikimulika tochi mdomoni kwa mtu aliyetumia ugoro miaka mingi, mara kwa mara naona utando mweupe uliokunjamana, usiofutika hata kwa pamba, palepale anapouweka kila siku. Hauumi, ndiyo maana hajaja kwa ajili yake. Akiacha, utando wa namna hiyo mara nyingi hupungua au kuisha ndani ya wiki kadhaa. Ambao hauondoki, au kidonda kisichopona kwa wiki mbili, au doa jekundu, au uvimbe mgumu: huyo namtuma kwa daktari wa kinywa na meno akakatwe kinyama kipimwe. Nasisitiza asisubiri maumivu. Saratani ya kinywa ikianza kuuma, au mtu akianza kushindwa kumeza ugali na kubaki na uji, matibabu yameshakuwa magumu, na safari ya hospitali ya saratani ya Ocean Road kule Dar es Salaam ni gharama kubwa kwa familia ya mkulima wa mtama.

Wajawazito nao. Wapo wanaoweka ugoro kutuliza kichefuchefu cha miezi ya mwanzo, kwa ushauri wa mama wakubwa waliofanya hivyo zamani. Nikotini inavuka kondo la nyuma na kumfikia mtoto, inabana mishipa ya damu inayomlisha. Matokeo yanayojulikana ni mtoto njiti, mtoto mwenye uzito pungufu, au kuzaliwa mfu. Baada ya kujifungua inapita kwenye maziwa. Na kopo lenyewe lisiachwe chini: mtoto anayetambaa akila ugoro anaweza kutapika, kulegea na hata kupata degedege. Huo ni msiba wa dakika chache.

Sasa moshi.

Sigara inatoa moshi wa aina mbili. Kuna ule mvutaji anaouvuta kupitia kichungi na kuutoa, na kuna ule unaopanda wenyewe kutoka kwenye ncha inayofuka akiwa ameishika tu anaongea. Huu wa pili haujapita kwenye kichungi chochote, unatoka kwenye moto hafifu usiounguza vizuri, na ndio unaojaza chumba. Kwenye moshi wa tumbaku kuna kemikali zaidi ya 7,000, na karibu 70 kati yake zinajulikana kusababisha saratani. Anayelala pembeni ya mvutaji anapata hizo hizo.

Fikiria nyumba zetu. Kwenye vijiji vya Dodoma bado yapo matembe, zile nyumba za udongo zenye paa bapa, na madirisha yake ni madogo kama yapo, na mjini, Chang'ombe au Majengo, familia nzima inapanga chumba kimoja. Juni na Julai upepo wa usiku hapa ni mkali, mlango unafungwa mapema. Baba akiwasha sigara humo ndani, au hata akisimama mlangoni, moshi unarudi ndani. Kufungua dirisha hakutoshi, feni inauzungusha tu. WHO inasema hakuna kiwango cha moshi huo kilicho salama, na mimi nakubaliana nayo kwa kile ninachokiona kwa watoto.

Mtoto anavuta pumzi nyingi zaidi kwa dakika kuliko mtu mzima, na njia zake za hewa ni nyembamba. Anayeishi na mvutaji anaugua zaidi masikio, anabanwa zaidi na pumu, anapata nimonia zaidi, na mtoto mchanga yuko kwenye hatari kubwa zaidi ya kufariki ghafla usingizini. Kila mzazi ajue kuhesabu pumzi. Mtoto akiwa ametulia, fungua nguo kifuani, shika saa, hesabu kifua kinavyopanda kwa dakika nzima. Wa miezi 2 hadi chini ya mwaka mmoja akifika pumzi 50 au zaidi, au wa mwaka 1 hadi miaka 5 akifika 40 au zaidi, na ana kikohozi, mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo. Ukiona sehemu ya chini ya kifua inabonyea ndani kila anapovuta hewa, usimalizie kupika, ondoka. Na ukifika, sema kama nyumbani kuna anayevuta, hata kama hujaulizwa.

Kwa watu wazima, kuishi na mvutaji kunaongeza hatari ya ugonjwa wa moyo na ya saratani ya mapafu kwa kiasi cha asilimia 20 hadi 30, kwa mtu ambaye hajawahi kuvuta. Moyo ndio unaowashangaza wengi. Wanadhani moshi kidogo ni madhara kidogo, lakini hata moshi kidogo unafanya chembe za kugandisha damu zinate na kuta za mishipa zibane. Duniani tumbaku inaua zaidi ya watu milioni 7 kila mwaka, na zaidi ya milioni 1 kati yao hawakuwa wavutaji.

Akina mama huniuliza, mbona hata kuni zina moshi? Ni kweli, moshi wa kuni na mkaa unaumiza mapafu, na jiko la nje au lenye bomba la kutolea moshi lingewasaidia wengi. Ila hilo halipunguzi la sigara. Linaongeza. Mwanamke aliyeinama kwenye mafiga mchana kutwa kisha akalala kwenye moshi wa mumewe anabeba yote mawili, na ndiye huyo aliyeniambia havuti.

Kwa mvutaji mwenyewe nitasema kwa ufupi, kwa kuwa mengi mnayajua. Njia za hewa zina vinyweleo vidogo vinavyosukuma makohozi na vumbi kuelekea juu. Moshi unavilemaza, uchafu unabaki, na kikohozi cha asubuhi kinaanza. Miaka ikienda vifuko vya hewa vinaharibika, na vikishaharibika havioti tena. Hapo ndipo mzee wa miaka 60 anakuja kusema "pumu imenianza uzeeni". Mara nyingi si pumu, ni mapafu yaliyoziba kwa moshi wa miaka 40. Kaboni monoksaidi, ile hewa inayoua watu wanaolala na jiko la mkaa ndani, inang'ang'ania damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, kwa hiyo moyo unalazimika kusukuma zaidi. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2018 ulionyesha kuwa karibu watu wazima 9 kati ya 100 nchini wanatumia tumbaku, wanaume wakiwa wengi zaidi. Karibu nusu ya wanaoendelea nayo bila kuacha huuawa nayo.

Wenzetu wakulima wa tumbaku wa Urambo, Kaliua na Sikonge, mkoani Tabora, wana lao, maana huko tumbaku inaumiza hata kabla ya kuwashwa. Anayechuma majani yenye umande nikotini inampita ngozini. Jioni ana kizunguzungu na kutapika, anadhani ni malaria. Mikono mirefu, glavu, na kusubiri umande ukauke vinasaidia. Watoto wasichume kabisa.

Tunayo sheria ya udhibiti wa bidhaa za tumbaku tangu 2003, na mwaka 2007 nchi iliridhia mkataba wa WHO wa kudhibiti tumbaku. Kumuuzia aliye chini ya miaka 18 hairuhusiwi. Hata hivyo mtaani mtoto wa darasa la tatu anatumwa fegi moja dukani kwa Mangi, na anarudi nayo. Wazazi, hili liko mikononi mwenu leo, bila kusubiri askari.

Kuacha kunawezekana, na kunalipa mapema. Ndani ya siku moja au mbili ile monoksaidi imeshatoka kwenye damu. Baada ya mwaka mmoja hatari ya ziada ya ugonjwa wa moyo imepungua kwa takriban nusu, na baada ya miaka 10 hatari ya kufa kwa saratani ya mapafu ni karibu nusu ya ile ya anayeendelea kuvuta. Arosto, ile hali ya mwili kuidai nikotini, ni kali zaidi siku 3 za mwanzo, kisha inalegea ndani ya wiki 2 hadi 4. Hamu yenyewe ikija hudumu dakika chache tu: kunywa maji, tembea, tafuna karanga au ubuyu, ondoka kijiweni ambako kila mtu ana sigara. Chagua tarehe, waambie wa nyumbani, tupa kiberiti na pakiti. Kwa ugoro, kopo liondoke kabisa kwenye pindo, si kubaki tupu. Zipo bandiko za ngozini na bazoka za kutafuna zenye nikotini na dawa kama bupropioni. Zinasaidia, ingawa si kila duka la dawa linazo, na bupropioni haifai kwa mwenye kifafa, kwa hiyo ipitie kwa daktari. Ukiteleza ukavuta moja, anza tena kesho yake. Wengi walioacha kabisa waliwahi kurudia.

Jambo moja linawatisha walioacha: kikohozi kinaweza kuongezeka wiki za mwanzo. Vile vinyweleo vimeanza kazi tena, vinasafisha. Lakini usimalizie hapo. Kuvuta kunaongeza hatari ya kifua kikuu zaidi ya mara mbili, na wavutaji huchelewa kupimwa kwa kuwa wanajiambia "hiki ni cha sigara". Ukikohoa kwa wiki 2 au zaidi, au ukaona damu kwenye makohozi, au unatoka jasho usiku na nguo zimeanza kukupwaya, njoo na makohozi yako, na uje na wale unaolala nao chumba kimoja. Kipimo na dawa za kifua kikuu ni bure kwenye vituo vya serikali.