Jino Hutembea: Ya Kujua Kabla ya Kufunga Waya

Mzazi humleta mtoto wa miaka minane, akamwambia afungue mdomo, kisha akatuonyesha kwa kidole: meno mawili ya juu yameachana na ya pembeni yameinama nje. Anataka waya leo leo. Mara nyingi tunamwambia asubiri. Chonge za juu bado zimo ndani ya mfupa. Zikishuka, kwenye miaka 11 au 12, huyabana meno hayo na mwanya hupungua, pengine ukajifunga wenyewe.

Kinachotutia wasiwasi zaidi ni gego la utotoni lililooza, ambalo mzazi hulidharau: "Si litang'oka tu?" Litang'oka, lakini mengine hutakiwa kukaa hadi miaka 10 au zaidi, yakilinda nafasi ya jino linalofuata. Likitoka mtoto ana miaka 6, gego la kudumu lililo nyuma husogea mbele na kuziba njia. Tukiwahi, twaweza kuweka pete ndogo yenye waya wa kushikilia nafasi hiyo, na huenda mtoto akaepuka matibabu makubwa baadaye. Kwa hiyo akifika miaka 7 aonwe, hata kama hana maumivu, hasa ikiwa bado ananyonya kidole au meno ya juu yanafungia ndani ya yale ya chini.

Jino halikupigiliwa mfupani kama msumari. Linashikiliwa na nyuzi laini kuzunguka mzizi. Waya ukilisukuma, mwili huyeyusha mfupa upande linakoelekea na kujenga mwingine nyuma yake, kwa mwendo wa kama milimita 1 kwa mwezi. Ndiyo maana matibabu kamili huchukua mwaka na nusu, miwili, au zaidi. Anayekuahidi meno yaliyonyooka kwa wiki mbili, muulize kama anayasogeza au anayasaga ili ayavike vifuniko. Enameli, yaani ganda gumu la nje la jino, ikisagwa hairudi.

Mtu mzima naye hufungwa waya, hata mwenye miaka 50. Sharti ni fizi. Zikitoka damu tunazitibu kwanza, kwani kusukuma jino ambalo mfupa wake unaliwa na ugonjwa ni kulisaidia kung'oka.

Kuhusu kung'arisha: dawa ya peroksaidi hubadilisha rangi ya jino lenyewe, haigusi mjazo wala kifuniko, hivyo jino la mbele lililozibwa huweza kubaki na rangi yake ya zamani katikati ya wenzake. Walio chini ya miaka 18 hatuwafanyii kwa ajili ya urembo. Ndimu na unga wa mkaa viacheni: enameli ikilika, unjano wa ndani ndio unaojitokeza.

Nyaya zikitolewa, wengi huona kazi imekwisha. Zile nyuzi za mzizi bado zinavuta jino lirudi lilikotoka, na mfupa mpya haujakomaa, kwa hiyo tunatoa riteina, kifaa cha kuyashikilia meno: mwanzoni huvaliwa karibu muda wote, baadaye usiku tu, kwa miaka. Mgonjwa wetu mmoja aliiacha kwenye droo miezi mitano. Alipokuja aliitoa kwenye kiboksi chake, akaisuuza, akaibonyeza kwa dole gumba. Upande wa kulia uliingia. Wa kushoto ulibaki juu, akaibonyeza tena, kisha akatutazama.