Phil Collins hakuiua Genesis ya zamani

Mashabiki wengi wa roki ya progresivu, ile ya nyimbo ndefu zenye muundo tata, husimulia hivi: mwimbaji Peter Gabriel aliondoka bendi ya Kiingereza Genesis mwaka 1975, mpiga dramu Phil Collins akashika maikrofoni, na papo hapo bendi ikageuka ya pop. Albamu zenyewe zinakanusha.

Baada ya Gabriel zilitoka albamu mbili ndani ya mwaka mmoja, 1976: "A Trick of the Tail" na "Wind & Wuthering". Zote ni progresivu tupu. Wimbo wa "One for the Vine" kwenye hiyo ya pili, uliotungwa na mpiga kinanda Tony Banks, unakaribia dakika 10 na hauna haraka ya kufika popote. Tena ile ya kwanza ilifika nafasi ya 3 kwenye chati za Uingereza, ilhali albamu ya mwisho ya Gabriel, "The Lamb Lies Down on Broadway", iliishia ya 10. Wala sauti ya Collins haikuwa ngeni. Alishaimba wimbo wa Genesis "For Absent Friends" mwaka 1971.

Mabadiliko yalikuja polepole, hasa mpiga gitaa Steve Hackett alipojitoa mwaka 1977. Na ule wimbo mwepesi wa mapenzi uliowafungulia redio, "Follow You Follow Me" wa 1978? Maneno yake aliandika Mike Rutherford, mwanzilishi wa bendi, si Collins. Hata albamu ya "Invisible Touch" ya 1986, inayochekwa kuliko zote, imebeba "Domino", wimbo wa zaidi ya dakika 10. Wanaoicheka sijui kama huwa wanafika huko.