Ugonjwa wa Kibofu Usikufungie Ndani

Mwenye ugonjwa wa kibofu wa muda mrefu hapa Dar es Salaam utamjua kwa mipango yake. Anajua Kariakoo choo cha kulipia kiko mtaa gani. Kwenye daladala anagombea siti ya karibu na mlango, na foleni ya Mbagala ikikaza, jasho linamtoka hata kabla mkojo haujambana.

Kisha anaanza kuacha mambo. Huacha maji, akaacha kukaa msibani, mwishowe akaacha kazi. Hilo la maji ndilo tunalokutana nalo zaidi kliniki, na linaumiza: mkojo mchache huwa mzito, unakera kibofu, na maambukizi yanapata njia. Kama daktari hajakupangia vingine, kunywa lita 1.5 hadi 2 kwa siku, nyingi ziwe za mchana, upunguze jioni. Kahawa na chai kali zipunguze pia.

Wanaoumia zaidi moyoni, kwa maoni yangu, ni wale ambao vipimo havioni kitu. Mama ameshameza antibayotiki za "UTI" kutoka duka la dawa mpaka amechoka. Nyumbani mume ameanza kushuku kisonono, na pengine kuna mhudumu aliyemwambia, "Hayo ni mawazo tu, dada." Si mawazo. Kibofu kinaweza kuuma kwa miaka bila bakteria yeyote. Wasiwasi hauyazushi maumivu hayo, ila huyachochea: misuli ya nyonga hukaza, na neva zinakuwa nyepesi kupeleka taarifa ya kubanwa. Ndiyo maana daktari anaweza kukuandikia amitriptilini, dozi ndogo ya usiku. Ukiambiwa mtaani kwamba hiyo ni dawa ya wagonjwa wa akili, usiitupe. Inatumika kutibu sonona, kweli, lakini inatuliza pia maumivu ya neva.

Kwa anayebanwa ghafla na mara kwa mara, kuna zoezi linalotibu kibofu na hofu kwa pamoja. Hamu ya kukojoa huja kama wimbi la bahari: hupanda, hufika juu, hushuka. Ukikimbilia chooni wimbi likiwa juu, unavuja. Kwa hiyo simama au keti, kaza misuli ya nyonga mara kadhaa kama unayezuia ushuzi, pumua taratibu, likishuka ndipo uende, tena kwa kutembea. Ikiwa sasa unakwenda kila baada ya saa 1, ongeza dakika 15 kila wiki, taratibu, mpaka ufike saa 3 au 4. Usikate tamaa mapema, maana mabadiliko huweza kuchukua hata miezi 3. Mwenye maumivu ya kibofu asikaze. Yeye ajifunze kulegeza. Na ambaye mkojo wake hautoki wote, au amewekewa mpira wa kutolea mkojo (katheta), asijaribu bila maelekezo ya daktari.

Wazee wa tezi dume na vijana walioumia uti wa mgongo kwa ajali za bodaboda wana jambo lao, nalo ni mpira. Uliza kuhusu mfuko mdogo wa kufungwa mguuni. Ndani ya suruali pana au kanzu hauonekani. Baadhi ya Waislamu wameacha msikiti wakidhani hawana tena twahara. Zungumza na sheikh wako: fiqhi, yaani sheria ya Kiislamu, inamtambua mwenye udhuru wa kutokwa na mkojo mfululizo, hutawadha wakati wa sala ukishaingia, akasali.

Ndugu wa nyumbani, neno "kikojozi" lisisikike hata kwa utani. Kwenye nyumba za kupanga zenye choo cha uani, ndoo yenye mfuniko chumbani usiku inampa mtu usingizi kuliko nasaha nyingi. Wanandoa waje kliniki pamoja, kwa sababu hofu ya kuvuja wakati wa tendo inasemeka kirahisi mbele ya mtu wa tatu.

Huzuni ikidumu wiki 2 au zaidi, usingizi umepotea na hakuna kinachokufurahisha, mwambie daktari wako wa mkojo hivyo hivyo. Hospitali kubwa za umma zina maofisa ustawi wa jamii na kliniki za afya ya akili. Damu kwenye mkojo, hata bila maumivu, ipelekwe hospitali haraka. Homa kwa mwenye mpira, mpira ulioziba, au mawazo ya kujiua, vyote ni vya dharura, siku hiyo hiyo.