Mbegu ya mtama kwa Lindi na Mtwara: anza kwa kuhesabu mvua zinaisha lini

Mkulima anayenunua mbegu ya mtama huuliza kwanza ni ipi inayowahi kukomaa. Dodoma, ambako mvua hukatika mapema, swali hilo lina mantiki. Lakini Lindi na Mtwara, ambako mvua huanza Novemba au Disemba na kuendelea hadi Aprili, pengine hata Mei, kuwahi kunaweza kuleta hasara.

Tuchukue Macia, mtama mweupe ulioidhinishwa nchini mwaka 1999, unaokomaa kwa siku 110 hadi 120 hivi. Ukiupanda katikati ya Disemba, utakuwa tayari katika nusu ya kwanza ya Aprili, mvua zingali zinanyesha. Suke lake limeshikamana, hivyo maji hukawia ndani, na baada ya siku chache punje huota ukungu wa kijivu, nyingine huchipua zikiwa shambani. Ndege nao hulivamia shamba lililoiva peke yake, na mwenye shamba hushinda juu ya dungu akiamia.

Mitama ya asili, ile mirefu kumpita mtu, ina dawa yake: husubiri mchana ufupike ndipo itoe masuke, kwa hiyo hata ikipandwa mapema huiva mvua zikielekea ukingoni. Masuke yake ni ya wazi na hukauka upesi, na punje zake ngumu huwasumbua fukusi ghalani. Binafsi simshauri mtu aiache yote kwa sababu tu si mbegu ya dukani.

Mbegu ya muda mfupi ipandwe katikati ya Januari ili ikomae Mei. Mtama uliochelewa hushambuliwa zaidi na inzi ambaye funza wake hula kiini cha mche mchanga. Kwa hiyo ongeza mbegu shimoni, kisha wakati wa kupunguza ung'oe kwanza miche iliyonyauka kiini.

Penye kiduha, gugu linalonyonya mizizi ya mtama, chagua mbegu ya Hakika au Wahi, zilizoidhinishwa mwaka 2002 kwa uwezo wake wa kukikabili.

Mbegu ya kununua iwe na lebo ya TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu. Ya akiba, hesabu punje 100, zifunge katika kitambaa chenye unyevu, uzitazame baada ya wiki. Zikiota 60 tu, tafuta mbegu nyingine kabla mvua hazijaanza.