"Meet", "meat" na "let": maneno ya Kiingereza cha kale yanayotupotosha

Dhana: "Help meet" ni mwenzi uliyepangiwa kukutana naye.

Mahubiri haya nimeyasikia harusini zaidi ya mara moja: eti Biblia ya Kiingereza ya King James inamwita mke "help meet" kwa kuwa Mungu alipanga wawili hao wakutane. Ni maneno matamu, ila "meet" ya Mwanzo 2:18 si ile ya kukutana. Ni sifa ya zamani yenye maana ya kufaa, kulingana. Soma "an help", pumua kidogo, kisha "meet for him": msaidizi, tena anayemfaa. Biblia yetu ya Kiswahili ilishalisema hilo bila utata: "msaidizi wa kufanana naye". Wasomaji wa baadaye ndio walioyabana maneno hayo mawili yakawa moja, na humo likazaliwa "helpmate".

Ndugu wa kweli wa "meet" hii ni "mete", yaani kupima. Kinachofaa ni kile kilichopimwa kikaenea. "Mete" utaikuta Mathayo 7:2, kwenye kipimo kile tupimiacho wengine.

Dhana: "Meat" ni nyama.

Leo, ndiyo. Mwaka 1611, King James ilipotoka, "meat" ilikuwa chakula cha aina yoyote. Katika Mwanzo 1:29 wanadamu wanapewa mimea itoayo mbegu na matunda ya miti yawe "meat" yao, na mnofu haumo kabisa. Walawi 2 ndiyo inayowanasa wengi. Ukiona "meat offering" unapata picha ya mafuta yanayochuruzika juu ya makaa, kumbe madhabahuni pana unga mwembamba, mafuta na ubani. Kiswahili kinaiita sadaka ya unga, basi. Napenda kusoma Biblia mbili sambamba kwa sababu ya sura kama hii.

Dhana: "Let" ni kuruhusu tu.

Kiingereza cha kale kilikuwa na vitenzi viwili, "lætan", kuruhusu, na "lettan", kuzuia. Tahajia ikavilainisha hadi vikafanana, kimoja kikibaki na maana iliyo kinyume cha mwenzake. Paulo anapoandika habari za "he who now letteth" katika 2 Wathesalonike 2:7, anayetajwa ni "azuiaye", wala si anayeruhusu. Ukikosea hapo, aya nzima inageuka juu chini. Hata pasipoti ya Uingereza inaomba mwenye nayo apite "without let or hindrance", bila kizuizi wala pingamizi.

Dhana: "Ye" ya "Ye Olde" ni "ye" ya Biblia.

Ile ya vibao vya maduka vinavyoiga Kiingereza cha zamani, "Ye Olde" yaani "the old", ni "the". Waingereza walikuwa na herufi þ, yenye sauti kama th ya thamani au dh ya dhahabu. Herufi za chapa zilizotoka Ulaya bara hazikuwa nayo, wachapaji wakaweka y. Tamka "the".

"Ye" ya Biblia ni ninyi. Katika Yohana 3:7 Yesu anamwambia Nikodemo, mtu mmoja, kwa "thee", yaani wewe, kisha anahamia "ye". Kiingereza cha leo kinasema "you" kote, na badiliko hilo halionekani tena. Kwetu bado lipo: "nilikuambia, Hamna budi kuzaliwa mara ya pili."