Banda la karatasi la Hannover, na swali la kwanza ninalouliza mbele ya mchoro

Nikiwekewa mezani mchoro wa banda la taifa, macho yangu hayaendi kwenye paa. Natafuta pale boriti inapokutana na nguzo, kisha nauliza: hapa panafunguliwaje? Mara nyingi chumba hunyamaza kidogo, kwa sababu kikao kizima kilikuwa kikijadili namna ya kufunga.

Kazi yangu ni uhandisi wa majengo ya muda, na sehemu kubwa ya kazi hiyo imekuwa mabanda ya maonesho. Maonesho ya Dunia, yaani Expo, yanayosajiliwa na Ofisi ya Kimataifa ya Maonesho, yenye makao yake Paris, hayaruhusiwi kuzidi miezi sita. Nchi hupewa kiwanja, hujenga, hupokea wageni, na kwa kawaida hutakiwa kukirudisha kiwanja kikiwa kitupu. Maana yake, siku ya kubomoa inajulikana kabla hata msingi haujachimbwa. Ni majengo machache sana duniani yenye bahati ya kujua mwisho wake mapema namna hiyo, na inaniuma kuona bahati hiyo inavyopotezwa.

Nilijifunza kwa gharama. Nilipokuwa bado mgeni katika kazi hii nilichora viungio vya paa la banda moja. Kila kiungio kilikuwa na bolti sita, na mahesabu yalikaa sawa. Maonesho yalipokwisha nikaenda kushuhudia ubomoaji. Fundi alipanda, akaondoa bati la kufunikia, akaingiza spana, spana ikagota. Vichwa vya bolti vilikuwa upana wa vidole vitatu tu kutoka kwenye boriti ya jirani. Boriti hiyo ilipaswa kutoka kwanza, lakini katika wiki ya mwisho kabla ya ufunguzi mkandarasi aliichomelea ili kuokoa muda, na mimi sikuwa nimeandika popote kwenye mchoro kwa nini ni lazima ifungwe kwa bolti. Ikawashwa mashine ya kukatia chuma, cheche zikaruka mpaka jioni. Paa ambalo tayari lilikuwa na mnunuzi likapakiwa kwenye lori kama chuma chakavu.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikirudi kwenye banda moja kama mtu anavyorudi kwa mwalimu wake: banda la Japani katika Expo ya Hannover, Ujerumani, mwaka 2000. Mada ya Expo ile ilikuwa binadamu, maumbile na teknolojia, na ilidumu kuanzia Juni 1 hadi Oktoba 31. Msanifu Shigeru Ban aliichukua mada hiyo kwa uzito. Alijiwekea lengo kwamba jengo likiisha kazi lisiache takataka, na akaanza kuchora akitokea hapo.

Nyenzo aliyoichagua ni mabomba ya karatasi. Msomaji unayafahamu: ni ndugu wa lile bomba gumu linalobaki jora la kitambaa linapokwisha. Karatasi huzungushwa kwa mshazari tabaka juu ya tabaka, kwa gundi, mpaka ukuta wa bomba unakuwa mnene kama gome la mti. Ban alikuwa ameanza kuyatumia tangu miaka ya 1980, na baada ya tetemeko la Kobe, Japani, la mwaka 1995 aliyatumia kujenga nyumba za waathirika na kanisa. Kwa hiyo alipofika Hannover hakuwa anabahatisha. Jipya lilikuwa ukubwa: ukumbi wa urefu wa mita 73.8, upana wa mita 25 na kimo cha karibu mita 16, uliobebwa na mabomba 440.

Bomba la karatasi lina tabia mbili zinazomnyima mhandisi usingizi. Hunyonya unyevu, na likibebeshwa mzigo kwa muda mrefu hulegea polepole hata kama mzigo haujaongezeka. Huwezi kulitumia kana kwamba ni chuma chepesi. Ban alimwita Frei Otto, msanifu Mjerumani aliyetumia maisha yake yote kuchunguza maumbo yanayobeba mzigo kwa kujipinda, na wahandisi wa kampuni ya Buro Happold wakafanya mahesabu. Jibu lao lilikuwa kutandika mabomba kama wavu, tabaka moja likielekea huku na jingine likikatiza juu yake, kisha kuupinda wavu mzima kuwa kuba refu lenye mawimbi. Mawimbi hayo hayakuwa mapambo. Chukua karatasi ya kawaida uisimamishe mezani, itaanguka. Ikunje mikunjo michache, itasimama. Kwenye kuba lile mabonde na vilima ndivyo vilivyolisaidia kuhimili upepo unaosukuma ubavuni.

Sasa tukisogelee kiungio, maana hapo ndipo ninapopapenda zaidi. Wavu ule ulitandazwa kwanza ukiwa bapa, kisha ukainuliwa kidogokidogo kutoka chini kwa majukwaa ya ujenzi mpaka ukapata umbo. Fikiria mabomba mawili yanayokatizana kama msalaba. Wavu unapoinuka, pembe kati yao inabadilika: msalaba uliokuwa mraba unakuwa kama mkasi unaofunguka. Papo hapo kila bomba linajipinda na kujizungusha kidogo. Ukitoboa mabomba na kupitisha bolti, tundu litachanika, kwa sababu karatasi haipendi nguvu ikusanyike mahali padogo. Ban alipendelea yafungwe kwa mkanda. Mkanda unazunguka mabomba yote mawili, unayabana, lakini unayaacha yageuke. Hautoboi chochote. Na siku ya mwisho unakatwa, bomba linatoka likiwa zima kama lilivyoingia.

Nimewahi kujaribu hili kwa mabomba mafupi manne na mkanda wa turubai juu ya sakafu ya ofisi. Ukiinua katikati unahisi mkononi jinsi kila fundo linavyotafuta nafasi yake, kisha linatulia. Hakuna hesabu iliyonieleza hivyo kabla.

Msingi nao ulikuwa na akili ileile. Zege ni zito kulivunja na halirudi kuwa saruji. Kwa hiyo chini ya banda yaliwekwa masanduku ya fremu za chuma na mbao za majukwaa ya ujenzi, yakajazwa mchanga. Uzito wa mchanga ndio ulioshikilia jengo lisiinuliwe na upepo. Ukimaliza unamwaga mchanga, unafungua fremu, mbao zinarudi kwenye kazi nyingine.

Paa lilifunikwa kwa utando wa karatasi uliotengenezwa usiingize maji wala usishike moto kwa urahisi, na mchana mwanga ulipenya ukajaa ndani kwa upole. Lakini mamlaka za Ujerumani hazikuridhika na karatasi peke yake, na juu yake ikabidi liongezwe tabaka la plastiki ya PVC. Vilevile ndani ya kuba ziliingizwa matao ya mbao yaliyoundwa kama ngazi, wazo la Otto, ili kuliongezea ugumu na kuupa utando mahali pa kushikia. Ban hakufurahia kila nyongeza, na kuna wasanifu wenzangu wanaosema kwa sababu hiyo jaribio lilishindwa: eti liliitwa la karatasi, nalo limejaa mbao na plastiki. Sikubaliani nao. Mbao zile zilikuwa za kufunguka. Plastiki ndiyo iliyokuwa doa, na hilo ni kweli. Lakini mkaguzi anayewajibika kwa maisha ya maelfu ya watu chini ya paa la nyenzo isiyo na historia ana haki ya kudai tahadhari, na lililonifundisha zaidi ni kwamba timu ile ilikubali nyongeza bila kuacha lengo. Expo ilipofungwa, mabomba yalikwenda kusagwa na kurejelezwa kuwa karatasi tena.

Katika uwanja uleule Uswisi ilikuwa imefikia wazo hilohilo kwa njia nyingine kabisa. Msanifu Peter Zumthor alipanga boriti za mbao mbichi za jamii ya msonobari, sentimita 20 kwa 10, moja juu ya nyingine kama zinavyopangwa kwenye kiwanda cha mbao ili zikauke. Ukiziunganisha ncha kwa ncha zingefika kilomita 144. Hakukuwa na gundi, msumari wala bolti ndani ya mbao. Rundo zima lilibanwa kwa fimbo za chuma kutoka juu hadi chini. Tatizo ni kwamba mbao mbichi husinyaa ikikauka. Rundo refu likishuka, fimbo ya urefu uleule italegea na ukuta utayumba. Kwa hiyo fimbo zilifungwa pamoja na springi: mbao zinaposhuka, springi inavuta na kuendelea kubana. Miezi mitano wageni walitembea kati ya kuta hizo wakisikia muziki na kunusa utomvu, huku jengo likifanya kazi ya tanuri la kukaushia. Mwishoni boriti ziliuzwa zikiwa mbao kavu, bila tundu hata moja. Kwangu hiyo ndiyo hesabu nzuri kuliko zote nilizowahi kuona katika maonesho: muda, ambao kwa wengine ni hasara, pale ulikuwa sehemu ya thamani.

Na si mbali na hapo lilisimama banda la Uholanzi lililochorwa na kampuni ya wasanifu ya MVRDV, mandhari ya nchi yao yakiwa yamepangwa ghorofa juu ya ghorofa, msitu ukiwa juu angani. Lilipendwa sana, na kwa haki. Nilipoona picha zake mara ya kwanza nilitamani ningekuwa mimi niliyelichora. Baada ya Oktoba 2000 likabaki pale. Miaka ikapita madirisha yakiwa wazi na kuta zikichorwachorwa, mpaka karibu miongo miwili baadaye ndipo ukaja mpango wa kuligeuza kuwa ofisi, na makazi ya wanafunzi kando yake.

Wapo watakaonikumbusha Barcelona. Banda la Ujerumani kwenye maonesho ya huko mwaka 1929, la msanifu Ludwig Mies van der Rohe akishirikiana na Lilly Reich, ndilo maarufu kuliko yote, na unaweza kwenda kuliona leo. Ndiyo, lakini unaloliona si lile. La kwanza lilibomolewa mwaka 1930, na mawe yake yakatawanyika. Lililopo lilijengwa upya kati ya 1983 na 1986 na Ignasi de Solà-Morales, Cristian Cirici na Fernando Ramos, kwa kufuata michoro, mabaki ya msingi yaliyofukuliwa, na picha za rangi nyeusi na nyeupe. Hebu fikiria kazi ya kutafuta machimboni marumaru ya kijani na oniksi ya dhahabu ukiongozwa na picha isiyo na kijani wala dhahabu. Nguzo zake nane zina umbo la msalaba: ndani kuna pembe nne za chuma zilizoshikanishwa mgongo kwa mgongo, nje zimevikwa bati linalong'aa. Ni nguzo nzuri ajabu. Lakini kiungio chake kimefichwa kabisa, na nimesimama mbele yake nikitamani lile bati liache upenyo mdogo tu wa kukiona.

Ukipata nafasi ya kutembelea Expo, usitoke bandani kabla hujainama pale nguzo inapoingia ardhini. Ukikuta bamba la chuma lenye nati zilizo wazi, na nafasi ya kuzungusha spana pande zote, jua kuna mtu aliyeketi na kufikiria siku wageni watakapokuwa wamekwenda. Ukikuta zege limemwagwa mpaka juu ya bolti, muulize mwenyeji wa banda ni nani atakayekuja na mashine ya kukatia, na nani atamlipa.