Mahali pa Sensa ya Hewa Kwenye Injini: Dhana Potofu na Ukweli

Katika gereji nyingi za Nairobi, sensa ya mtiririko wa hewa hubadilishwa kwa haraka mno, ilhali wakati mwingine sensa yenyewe ni nzima na kasoro iko mahali ilipofungwa.

Dhana: Sensa inaweza kufungwa popote, mradi hewa ipite.

Waya mwembamba ulio ndani ya sensa hupashwa moto kwa umeme, hewa inayopita huupoza, na kiasi cha umeme kinachohitajika ili joto lake lisishuke ndicho kinachoijulisha kompyuta ya injini uzito wa hewa inayoingia. Hata hivyo, waya huo huguswa na sehemu ndogo tu ya hewa, na kompyuta hukadiria iliyobaki ikichukulia kwamba mtiririko umetulia bombani. Sensa ikiwekwa mara tu baada ya kona kali, hewa hukimbilia upande mmoja wa bomba, na hesabu yote hupotoka. Ndiyo maana kwa kawaida hukaa penye bomba lililonyooka, mara baada ya kasha la kichujio cha hewa, na baadhi huwa na wavu wa kutuliza hewa. Wapo mafundi wanaoung'oa wavu huo eti unaibana injini. Huko ni kuharibu kipimo kwa faida isiyoonekana.

Dhana: Bomba pana zaidi halina neno, kompyuta itajirekebisha.

Hii inapendwa na wanaotaka gari lingurume. Kipenyo kikiongezeka kutoka milimita 70 hadi 76, eneo la ndani huongezeka kwa karibu asilimia 18. Hewa hupita polepole, sensa huripoti kidogo kuliko kilichoingia, na kompyuta huipa injini petroli pungufu. Kompyuta hurekebisha kwa kadiri fulani tu, kisha taa ya injini huwaka.

Dhana: Ikiwa karibu na throto itapima vizuri zaidi.

Injini huvuta hewa kwa mapigo, na karibu na throto, yaani kile kilango kinachofunguka dereva anapokanyaga mafuta, mawimbi ya hewa huweza kurudi nyuma. Waya wa kawaida hautofautishi hewa inayoingia na inayorudi, hivyo huzihesabu zote. Kuhusu mwelekeo hakuna mjadala: mshale ulio kwenye kasha la sensa huelekea injini.

Dhana: Nairobi iko juu, kwa hiyo sensa ihamishwe au ibadilishwe.

Ni kweli kwamba kwenye mwinuko wa takriban mita 1,800 hewa ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu moja ya sita. Lakini sensa hii hupima uzito wa hewa, si ujazo wake, kwa hiyo upungufu huo tayari umo katika hesabu.

Dhana: Msimbo wa hitilafu P0171 ukitokea kwenye kompyuta, sensa imekufa.

Msimbo huo husema tu kwamba petroli ni chache kuliko hewa. Kabla ya kununua nyingine, kagua mpira wenye mikunjo ulio kati ya sensa na throto, ukiuvuta kwa mkono ili kila mkunjo ufunguke. Kwenye gari la otomatiki, ufa mdogo huweza kujificha gari likiwa katika P (gia ya kuegesha), kisha ukafunguka injini inapoegama baada ya kuingizwa D (gia ya kwenda mbele), na hewa isiyopimwa ikaingia.